Kupasuliwa goita bila kupoteza sauti: mwongozo kamili wa neva, maswali ya kuuliza na saa za hatari

Miaka kadhaa nyuma, kwenye wodi ya upasuaji niliyokuwa nikifanya kazi hapa Dar es Salaam, tulimlaza mzee mmoja mnadi wa samaki pale Feri. Goita yake, yaani uvimbe wa tezi ya shingoni, alikaa nayo miaka mingi, mpaka ilipoanza kumkaba akilala. Akapasuliwa, kidonda kikakauka vizuri, na asubuhi ya raundi daktari akamuuliza anaendeleaje. Akajibu, "Salama, namshukuru Mungu." Sauti ilisikika safi. Mimi mwenyewe ndiye niliyeandika kwenye faili: sauti nzuri.

Wiki 6 baadaye akarudi kliniki. "Mwanangu," akaniambia, "kuongea naongea. Kunadi ndiyo siwezi."

Nikamwomba anadi palepale kwenye benchi. Akaanza: elfu kumi, kumi na mbili, kumi na mbili, kumi na tatu... Kila bei ilipopanda, sauti nayo ilitakiwa ipande, na haikupanda. Ilifika mahali ikakwama, ikapasuka, ikarudi chini. Wagonjwa waliokaa foleni wakacheka kidogo, wakidhani anatania. Yeye hakucheka.

Nilichojifunza siku ile ni kwamba sisi wodini hatukuwahi kumsikia akinadi kabla hajapasuliwa. Hatukuwa na cha kulinganisha nacho. Jiji hili watu wengi wanakula kwa koo: konda wa daladala, machinga wa Kariakoo, mwalimu mwenye darasa la watoto mia, muadhini, mwanakwaya, wakili. Kama wewe ni mmoja wao na umeambiwa utapasuliwa goita, mambo yafuatayo uyafanye kwa mpangilio, kuanzia nyumbani kabla hujatia saini popote.

Kwanza zifahamu neva zenyewe

Usiruke sehemu hii. Asiyeijua hawezi kuuliza swali la maana mbele ya daktari, na baadaye hawezi kueleza kilichoharibika.

Sauti hutengenezwa kwenye zoloto, kile chumba cha gegedu kilicho mbele ya shingo ambacho kwa wanaume hutokeza kama kikoromeo. Ndani mna nyuzi mbili za sauti. Ukivuta pumzi zinaachana. Ukitaka kusema zinakutana, na hewa inayotoka mapafuni inazitikisa, kwa mwanamume kama mara 100 hadi 130 kwa sekunde, kwa mwanamke karibu mara 200. Kuna misuli midogo ya kuzikutanisha, msuli wa kuzitenganisha, na msuli wa kuzikaza. Yote hiyo inangoja amri ya neva, au mishipa ya fahamu kama wengi tunavyozoea kuiita.

Amri hiyo inatoka kwenye neva moja kubwa iitwayo vagasi, ya 10 kati ya jozi 12 zinazotoka kwenye ubongo. Inashuka shingoni ikitoa matawi mawili yanayotuhusu, kila upande wa shingo.

Tawi la kwanza nitaliita neva rejea, kwa sababu ya safari yake ya ajabu. Mfikirie abiria aliyepanda gari Ubungo, kituo chake Magomeni, akasinzia, akaja kuzinduka Posta, ikabidi ageuze. Neva hii inafanya hivyohivyo. Inapita karibu kabisa na zoloto bila kusimama, inaendelea hadi kifuani, ndipo inazunguka mshipa mkubwa wa damu na kupanda tena. Upande wa kushoto inazunguka chini ya aota, ule mshipa mkuu unaotoka moyoni. Upande wa kulia inazunguka ateri iendayo mkono wa kulia, kwa hiyo mgeuko wake ni mfupi zaidi. Twiga naye ameumbwa hivyo: neva yake ya kushoto inasafiri zaidi ya mita 4 kwenda na kurudi ili ifike mahali palipo jirani tu na ilikotoka.

Tatizo liko kwenye safari ya kurudi. Neva rejea inapanda kwenye mfereji mdogo kati ya bomba la hewa na umio, yaani nyuma kabisa ya tezi ya thairoidi, ile ile inayovimba ikawa goita, au rovu kwa jina la wazee. Unene wake ni kama milimita 2. Kabla tu ya kuingia kwenye zoloto inapita pale tezi ilipojishikiza kwenye bomba la hewa kwa kano ngumu, na hapo ndipo madaktari wapasuaji wengi hushikilia pumzi. Neva hii ndiyo inayoendesha misuli yote ya ndani ya zoloto isipokuwa mmoja.

Huo mmoja unaitwa msuli wa krikothairoidi. Umekaa kwa mbele, na kazi yake ni kuivuta nyuzi ya sauti ikaze, kama fundi wa gitaa anavyokaza waya. Ndio unaopandisha sauti juu. Unaendeshwa na tawi la pili la vagasi, neva ya juu ya zoloto, kwa kijitawi chake cha nje ambacho ni chembamba kuliko hata neva rejea. Kijitawi hicho kinashuka sambamba na mishipa ya damu inayoingia kwenye ncha ya juu ya tezi, mishipa ambayo daktari hana budi kuifunga ili aitoe tezi. Goita ikiwa kubwa, ncha ya juu inapanda, nayo neva inajikuta imelala juu ya tezi yenyewe. Neva ya juu ina kijitawi kingine, cha ndani, chenye kazi ya kuhisi: ndicho kinachokufanya ukohoe maji yakikosea njia.

Mnadi wetu wa Feri aliumia kijitawi cha nje. Nyuzi zake zilikuwa zinafunguka na kufunga kama kawaida, ndiyo maana "salama" yake ilitudanganya.

Elimu hii si ya juzi. Karne ya 2, pale Roma, tabibu Galen alimfunga nguruwe mbele ya watu, akamkata neva rejea katikati ya kelele zake, na nguruwe akaendelea kufurukuta kimya kimya. Na mwaka 1935 mwimbaji mashuhuri wa opera Amelita Galli-Curci alipasuliwa goita kule Chicago; kwa miaka mingi ilisemwa kwamba kijitawi cha nje kilikatwa na ndicho kilichoua uimbaji wake. Baadaye waliochunguza kisa hicho walitilia shaka, wakisema sauti yake ilikuwa imeanza kushuka kabla ya kisu. Nadhani ubishi huo usingekuwepo kama kungekuwa na kumbukumbu nzuri ya sauti yake wiki moja kabla ya upasuaji na wiki moja baada yake.

Hatua ya 1: Hakikisha kupasuliwa kunahitajika kweli

Si kila goita ni ya kisu. Wagonjwa wengi ninaokutana nao wamekulia nyanda za juu, Mbeya au Iringa, kabla chumvi yenye madini joto haijaenea miaka ya 1990, wakaja mjini na goita zao zisizouma wala kukua. Nyingine zinatosha kuangaliwa mwaka hadi mwaka kwa ultrasaundi.

Sababu za kukubali kisu ni hizi: goita inabana hewa au chakula, kipimo cha sindano kimeonyesha saratani au shaka yake, homoni zinazotengenezwa na tezi hiyo zimezidi na dawa zimeshindwa au hazikufai, au goita imeshuka kifuani. Wengine hupasuliwa kwa sababu ya muonekano tu. Ni haki yao, ila kama unaishi kwa sauti, sababu hiyo ipime mara mbili.

Kama homoni zako zimezidi, usikubali kuwekwa kwenye orodha ya upasuaji kabla hazijatulizwa kwa dawa. Mapigo ya moyo yakiwa bado yanakimbia, kumlaza mtu nusu kaputi kunaweza kuamsha dhoruba ya homoni inayoua.

Hatua ya 2: Irekodi sauti yako, kabla ya kitu kingine chochote

Hatua hii haina gharama, na sijawahi kuona mgonjwa akiifanya bila kuambiwa. Chukua simu, ingia chumba kisicho na feni wala redio, weka simu umbali wa shubiri moja na nusu kutoka mdomoni. Rekodi mambo haya kwa mfululizo:

Sema jina lako na tarehe. Soma aya moja ya gazeti kwa sauti ya kawaida. Vuta pumzi ndani kabisa, sema "aaa" mpaka pumzi iishe. Rudia mara 3, uchukue iliyo ndefu zaidi. Mtu mzima mwenye afya kwa kawaida anafika sekunde 15 hadi 20 na kupita. Chini ya 10 kuna jambo. Kisha sema "uuu" ukianzia chini kabisa na kupanda taratibu kama king'ora hadi pale sauti inapokatika, halafu ushuke. Kohoa mara moja kwa nguvu.

Mwisho, fanya kazi yako. Konda aite vituo kama anavyoita pale Mbagala Rangi Tatu saa 12 asubuhi. Mwalimu aite darasa linyamaze. Mwanakwaya aimbe ule ubeti wenye noti ya juu, asichague ulio rahisi. Watu huona aibu sehemu hii, wanarekodi kwa sauti ya mgeni sebuleni. Wafukuze watu nyumbani, upige kelele.

Kisha mtumie ndugu unayemwamini rekodi hiyo kwa WhatsApp. Simu za mjini hazina uhakika wa kulala na wewe.

Hatua ya 3: Omba koo liangaliwe kwa kamera

Kipimo hiki hufanywa na daktari wa masikio, pua na koo. Anapitisha kamera nyembamba puani, anakuambia useme "iii" kisha unuse, na anaziona nyuzi zote mbili zikicheza. Dakika chache tu. Pua inawasha, machozi yanatoka kidogo, imeisha.

Umuhimu wake ni huu: nyuzi moja inaweza kuwa imepooza na sauti ikasikika nzuri, kwa sababu nyuzi ya pili imejifunza kuvuka katikati na kumfuata mwenzake. Daktari asipojua hilo, akaiumiza neva ile nzima iliyobaki, mgonjwa anaamka hana hata nyuzi moja inayofunguka kupitisha hewa. Tena nyuzi iliyopooza kabla ya upasuaji ni dalili kwamba huenda goita hiyo ni saratani iliyoishika neva, na mpango mzima wa upasuaji unabadilika.

Kwa hiyo kama umekwaruza sauti zaidi ya wiki 3, au umewahi kupasuliwa shingo au kifua, au una saratani, kamera isikosekane. Kwa anayeishi kwa sauti naongeza: hata kama huna dalili yoyote, iombe.

Hapa Dar njia ya kawaida inaanzia zahanati au kituo cha afya, inapanda hospitali ya wilaya, kisha hospitali za rufaa za mkoa, Amana, Temeke na Mwananyamala, na juu yake Muhimbili, Upanga na Mloganzila. Ukipewa barua ya rufaa kwa ajili ya goita, mwombe anayeiandika aongeze neno moja: kuangaliwa nyuzi za sauti. Na kama unatumia bima, ulizia mapema kama kipimo hicho kimo, usije ukagundua ukiwa dirishani.

Hatua ya 4: Maswali ya kumuuliza daktari mpasuaji

Najua ilivyo vigumu. Chumba kina wanafunzi 6, nje kuna foleni ya watu 40, na wewe umelelewa kutomhoji mkubwa. Andika maswali kwenye karatasi, nenda na mtu mmoja wa familia, umwambie daktari kwa adabu, "Samahani dokta, nina maswali machache niliyoyaandika." Sijaona daktari mzuri aliyekasirikia karatasi.

La kwanza: kwa mwaka unapasua goita ngapi? Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2017 ulionyesha kwamba wagonjwa wa wapasuaji wanaotoa tezi nzima kwa zaidi ya watu 25 kwa mwaka hupata madhara machache. Namba hiyo si sheria, lakini kati ya "mbili tatu" na "kila wiki" kuna tofauti.

La pili: utatoa upande mmoja au tezi yote? Ukitolewa upande mmoja, zilizo hatarini ni neva za upande huo tu. Ukitolewa zote, hatari iko pande zote mbili, na dawa za homoni utakunywa maisha. Mara nyingine ugonjwa hauachi nafasi ya kuchagua. Mara nyingine ipo, na hakuna aliyekuambia.

La tatu, na hili ndilo ninalolipenda kuliko yote: ukimaliza upande wa kwanza ukawa na wasiwasi na neva, utasimama? Daktari makini anaweza kufunga kidonda na kuuacha upande wa pili kwa siku nyingine, ili asihatarishe neva zote mbili kwa siku moja. Akikuelewa mara moja, uko mikononi mwa mtu anayeifikiria pumzi yako.

La nne: neva rejea unaitafuta na kuiona kwa macho? Kuitafuta na kuifuata ndiyo njia inayokubalika. Zamani wengine waliamini kwamba ni salama kukaa mbali nayo, matokeo yalikataa. Kuna pia mashine ya kupima neva, inayotumia mpira wa hewa (ule unaopitishwa kooni ili upumue ukiwa usingizini) wenye vihisio vinavyogusa nyuzi za sauti, ikalia neva inapoguswa. Inasaidia, hasa kwa shingo iliyowahi kupasuliwa, lakini haichukui nafasi ya mkono uliozoea. Hospitali isiyo nayo si hospitali ya kukimbiwa.

La tano linahusu ile neva nyembamba: mweleze kazi yako waziwazi. "Dokta, mimi ni muadhini." Sentensi hiyo moja inamfanya afike kwenye ncha ya juu ya tezi akiwa anajua kwamba kwako hapo ndipo penye ugali, na afunge mishipa ya damu mmoja mmoja, karibu na tezi, badala ya kuikusanya yote kwa fundo moja.

Takwimu utakazopewa zitafanana na hizi: kwa mikono yenye uzoefu, nyuzi moja kupooza moja kwa moja hutokea kwa asilimia 1 hadi 2 au pungufu; kupooza kwa muda kisha kurudi hutajwa kati ya asilimia 5 na 10. Mara nyingi neva haikatwi. Inavutwa tezi inapoinuliwa, au inapata joto la kifaa cha umeme cha kuzuia damu. Neva iliyovutwa ina matumaini makubwa ya kuamka.

Hatua ya 5: Siku yenyewe

Hapa sina mengi. Fuata maelekezo ya kutokula. Mwambie mtaalamu wa usingizi kama una meno ya kuchomeka, pumu, au kama ukilala chali goita inakukaba. Fomu ya ridhaa isome yote, na uangalie kama limeandikwa neno sauti. Kama halimo, uliza.

Hatua ya 6: Saa 24 za mwanzo, sauti iache kwanza, linda pumzi

Ndugu yangu unayemuuguza mgonjwa, sehemu hii ni yako, kwa sababu yeye atakuwa na usingizi.

Hatari kubwa ya usiku wa kwanza ni damu kuvuja ndani ya kidonda na kukandamiza bomba la hewa. Hutokea kwa karibu mgonjwa 1 katika 100, karibu nusu yao ndani ya saa 6 za mwanzo, walio wengi ndani ya saa 24. Usitegemee bendeji ikuonyeshe damu. Inaweza kuwa kavu kabisa huku shingo inajaa kwa ndani. Angalia haya: shingo inavimba na kukaza, mgonjwa anasema "nabanwa", anakataa kulala na kutaka kukaa, anahangaika bila sababu, sauti inabadilika ghafla, anameza kwa shida.

Ukiona hivyo usimlaze, usimpe maji, usingoje raundi. Mkalishe, upige kelele nesi aje. Ikibidi, nyuzi za kidonda zinafunguliwa palepale kitandani ili damu itoke, kisha anarudishwa chumba cha upasuaji. Vifaa vya kufungulia vinatakiwa viwe karibu na kitanda, hakuna ubaya ukiuliza jioni, "Sista, vya kufungulia nyuzi vipo wapi?" Mimi ningefurahi kuulizwa hivyo.

Hatari ya pili ni neva rejea zote mbili kupooza. Kumbuka kwamba kila upande una msuli mmoja tu wa kuifungua nyuzi. Ikilala yote miwili, nyuzi zinabaki karibu karibu katikati. Mgonjwa huyo anaweza kuongea vizuri kuliko aliyepooza upande mmoja, na ndicho kinachowapoteza watu. Anaongea, lakini kila akivuta pumzi inatoka mlio mwembamba wa kukereza. Mlio huo ni dharura. Huenda akahitaji kuwekewa tena mpira wa hewa, au kutobolewa njia ya hewa shingoni.

Kwa sababu hizi sipendi mtu aruhusiwe siku ileile. Anayeishi Chanika au Kibamba afikirie foleni ya saa 1 usiku akiwa na shingo inayojaa. Lala hospitali angalau usiku mmoja.

Hatua ya 7: Wiki mbili za kwanza

Sauti kukwaruza siku 2 hadi 5 ni jambo la kawaida. Mpira wa hewa ulipita katikati ya nyuzi zako, zimevimba kidogo. Kila siku inatakiwa iwe afadhali kuliko jana.

Ongea kwa sauti ndogo ya kawaida, sentensi fupi. Usinong'one: watu wanadhani kunong'ona ni kupumzisha koo, kumbe kwa wengi kunabana misuli zaidi. Usisafishe koo kwa kukohoa-kohoa. Kunywa funda la maji. Wageni watakuja wengi, hasa Jumapili, na kila mmoja atataka kusikia habari kutoka mdomoni mwako. Mteue shangazi au mdogo wako awe msemaji.

Ukikohoa kila ukinywa maji au chai, hiyo ni ishara ya neva. Kaa wima, inamisha kidevu kuelekea kifuani unapomeza, kunywa kidogo kidogo. Uji mzito hupita salama kuliko maji. Umweleze daktari, usijizoeze nayo.

Jambo moja lisilo la sauti ila linatokea wiki hiyohiyo: nyuma ya thairoidi kuna vitezi 4 vyenye ukubwa wa punje ya mchele, vinavyosimamia kalsiamu. Vikishtuka, ganzi na kuchomachoma huanza kuzunguka mdomo na kwenye ncha za vidole, kwa kawaida siku ya 1 hadi ya 3, kisha misuli inakakamaa. Rudi hospitali siku hiyohiyo. Usijitibu kwa maziwa.

Hatua ya 8: Sauti isiporudi, isome kosa lake

Siku ya 14 rekodi tena, mpangilio uleule, chumba kilekile. Weka rekodi mbili pamoja, usikilize ukiwa na mtu anayeijua sauti yako.

Ukisikia sauti yenye upepo mwingi, "aaa" imeshuka hadi sekunde 5 au 6, kikohozi hakina mlipuko, unachoka na kuishiwa pumzi katikati ya sentensi, mshukiwa ni neva rejea ya upande mmoja: nyuzi hazikutani, hewa inavuja.

Ukisikia maongezi ya kawaida, lakini "uuu" haipandi, huwezi kumwita mtu aliye ng'ambo ya barabara, uimbaji umeshuka, na jioni sauti imechoka, mshukiwa ni kijitawi cha nje. Hapa utaambiwa na wengi kwamba huna tatizo. Wachezeshee rekodi zote mbili.

Kwa vyovyote vile, rudi kwa daktari wa masikio, pua na koo, uangaliwe kwa kamera kati ya wiki 2 na miezi 2 tangu upasuaji. Usingoje mwaka kwa kuwa umeambiwa "itarudi yenyewe". Ni kweli nyingi hurudi, kwa wiki kadhaa hadi miezi 6, nyingine hadi mwaka. Lakini kusubiri huku unafanyiwa kazi ni tofauti na kusubiri nyumbani.

Kazi yenyewe huanza na mazoezi ya sauti chini ya mtaalamu. Wataalamu hao ni wachache mno nchini, kwa hiyo ukimpata, mazoezi anayokupa yafanye kila siku bila kuruka. Kama nyuzi imepooza na unasakamwa na maji, inaweza kuchomwa sindano ya kuijaza ili isogee katikati, nafuu ya miezi wakati neva inaamka. Ikipita mwaka bila dalili, kuna upasuaji mdogo wa kuweka kipande kigumu kupitia gegedu ya mbele ili kuisukuma nyuzi moja kwa moja, njia iliyoelezwa na daktari Isshiki wa Japani mwaka 1974. Kwa kijitawi cha nje dawa ni chache zaidi, karibu yote ni mazoezi, na ndiyo sababu napigania kisiguswe tangu mwanzo.

Hatua ya 9: Vidonge

Aliyetolewa tezi yote atakunywa levothairoksini kila siku: asubuhi, tumbo tupu, na maji matupu, kisha angojee nusu saa hadi saa nzima ndipo chai na chapati. Kama unatumia na kalsiamu, zitenganishe kwa saa 4. Damu ipimwe baada ya wiki 6 hadi 8. Nakuambia hili hapa kwa sababu homoni zikipungua, sauti huwa nzito na ya kuvuta, na mtu anailaumu neva isiyo na kosa.

Mnadi wetu alifanya mazoezi miezi kadhaa. Sauti ilipanda kidogo, haikufika ilipokuwa. Mara ya mwisho nilipokwenda Feri kununua changu, mwanawe ndiye aliyekuwa juu ya meza ananadi. Yeye mwenyewe amekaa pembeni juu ya ndoo iliyofunikwa, ana daftari, anaandika nani kachukua fungu gani. Aliponiona akainua mkono. Nilikuwa ng'ambo ya meza, kelele nyingi, hakujaribu kuniita.